Kidonge Hakijui Goti

Saa nne usiku, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Nimeshusha shata nusu.
Mzee Bukuru, mlinzi wetu, anainama na kuchungulia chini yake:
"Binti, niambie. Hiki kidonge
kinajuaje kwamba linaloniuma ni goti la kushoto?"

Hakijui, Mzee.
Miaka sita nyuma ya kaunta hii
wananiuliza bei, wananiuliza kama ni ya India.
Hakijui. Hakina macho
wala barua ya mwenyekiti wa mtaa.
Unakimeza, kinamumunyuka, kinakuwa umati
wa molekuli zisizo na anwani.
Sharti zipende maji kiasi, ziogelee damuni,
na zipende mafuta kiasi, zipenye kuta za seli.
Aliyezibuni alipima kama mpishi apimavyo tui:
likizidi linakinai,
likipungua wali unakuwa wa mgonjwa.

Kisha ini. Ini ni forodha, Mzee,
halipitishi mzigo bila kukata chake.
Kilichosalia kinazagaa kote,
kisiginoni, kwenye kope,
kwenye goti la kulia lisilo na kesi.

Ila palipovimba
kuna protini yenye handaki jembamba:
mafuta yanaingia upande huu,
upande ule inatoka habari ya maumivu.
Molekuli yetu inaingia humo na kukwama
kama lori la saruji lililozima darajani Pongwe.
Nyuma foleni. Mbele kimya.
Nafuu yako ni hiyo foleni.

Na tumboni mna handaki la namna hiyo hiyo,
linalotengeneza ute wa kuukinga ukuta.
Nalo linazibwa. Kidonge hakichagui.
Ndiyo maana nimeandika kwa wino mwekundu BAADA YA KULA,
nawe unakimeza kwa kahawa tupu.
Nakuona.

Akacheka, akanyoosha mikono kupokea bahasha.
Mikono ile.
Magamba katikati ya vidole, makovu ya miiba,
ngozi iliyokunwa hadi ikachoka kuwa ngozi.
Miaka kumi na tisa ya kukata mkonge, Ngomeni.
"Maji yake," akasema, "yaliniingia, hayakutoka."

Nikafungua tyubu ndogo, nikamminyia kidoleni.
Nikachora nyuma ya risiti
pete nne za kaboni zilizoshikana mabega,
tatu za pembe sita, ya mwisho pembe tano.
Mzee, mifupa hii imo ndani ya maji yale ya kijani,
yanayomwagwa korona ikishakwangua nyuzi.
Na hapa, kwenye pete ya tatu,
mkonge umetundika oksijeni
mahali ambapo mimea mingi haitundiki kitu.
Mpini. Wakemia waliushika huo,
wakakata mkia, wakapachika atomu ya florini,
kitu kidogo, kama nukta juu ya herufi,
na neno likabadilika maana:
kilichotoka kwenye maji ya kuwasha
kikawa dawa ya mwasho.

Akaikazia macho risiti. Akaigeuza, akasoma bei.
"Nyuzi walinilipa kwa mita," akasema.
"Yale maji niliyabeba bure, kwenye shati, mpaka nyumbani.
Mke wangu aliyafua.
Sasa nayanunua?"

Sikuwa na mchoro wa hilo.
Nikamrudishia mia tano. Akaikataa.

Nikarudi kwenye goti, maana goti nalijua.
Kila saa mbili hivi, nikamwambia, damu inapoteza nusu ya dawa,
kisha nusu ya ile nusu,
lakini ndani ya maji ya goti dawa inakawia,
kama mgeni aliyeonjeshwa mchuzi.
"Basi kidonge hakilijui goti," akasema,
"ila goti linakijua."
Akarudi kwenye kreti lake la soda,
mguu wa kushoto mbele.

Nikamalizia shata, nikafunga kufuli mbili.
Nyuma yangu nikamsikia anaanza kujikuna,
akakumbuka,
akaacha.